Nuru Iliyotokana na Mafuta

Kimulimuli, ambaye baadhi ya Waswahili humwita kimetameta, ni mdudu wa kundi la mbawakawa, na familia yake, iitwayo Lampyridae kwa jina la kisayansi, ina spishi zaidi ya 2,000 duniani. Jina lake limekwisha kuazimwa na taa za magari ya polisi na ya kubebea wagonjwa, ingawa ulinganisho huo unampunja mdudu, kwa kuwa taa ya gari hupoteza sehemu ya nguvu yake kwa joto, ilhali mwanga wa kimulimuli ni wa baridi, usioweza kumuunguza anayeubeba tumboni mwake.

Mwanga huo huzaliwa pale dutu iitwayo lusiferini inapokutana na oksijeni pamoja na ATP, ambayo ni molekuli inayobeba nishati katika seli za kila kiumbe, na kukutana huko husimamiwa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia bila yenyewe kutumika. Kimeng'enya hicho huitwa lusiferasi. Mfaransa Raphaël Dubois ndiye aliyebaini katika miaka ya 1880 kwamba mwanga wa wadudu wa aina hii unahitaji dutu mbili tofauti, na mwaka 1947 William McElroy wa Baltimore, Marekani, aliyewalipa watoto wa mji huo wamkusanyie vimulimuli, alionyesha kwamba bila ATP mwanga hauwaki.

Swali gumu zaidi ni asili ya lusiferasi yenyewe, na jibu lake halina fahari yoyote: inatoka katika ukoo wa vimeng'enya vinavyoandaa asidi za mafuta ili seli iweze kuzitumia, kazi ya kila siku inayofanyika katika mwili wa nzi, wa ng'ombe na wa binadamu. Kimeng'enya cha mafuta huanza kwa kuifunga asidi kwenye kipande cha ATP. Lusiferasi huanza kwa hatua iyo hiyo, isipokuwa kinachofungwa ni lusiferini, ambayo baadaye hushambuliwa na oksijeni na kutoa mwanga. Wachunguzi wa Japani waligundua kwamba lusiferasi ya kimulimuli haijaisahau kazi ya mababu zake, kwani ikipewa asidi ya mafuta bado huiandaa. Mwaka 2014 wachunguzi wa Marekani walikwenda upande wa pili, wakachukua kimeng'enya cha mafuta cha nzi wa matunda, mdudu asiyewaka kamwe, wakakipa lusiferini iliyotengenezwa maabara, nacho kikatoa mwanga. Uwezo ulikuwa umelala humo muda wote, ukisubiri kitu cha kuuamsha.

Mwaka 2018, jenomu, yaani jumla ya maagizo ya urithi, za vimulimuli wawili, mmoja wa Marekani na mmoja wa Japani, zililinganishwa na ya mbawakawa wa familia nyingine, wale wanaoruka kwa kudata wakilazwa chali, ambao baadhi yao pia huwaka. Ilibainika kwamba familia hizo mbili ziliupata mwanga kila moja kwa njia yake, zote zikianzia kwenye vimeng'enya vya mafuta. Na mwanga haukuanza kwa ajili ya mapenzi, kama inavyodhaniwa mara nyingi: mabuu ya vimulimuli wote wanaojulikana huwaka, ingawa hayatafuti wenzi, na wataalamu wengi huuona mwanga huo wa utotoni kuwa onyo kwa walaji kwamba nyama hiyo ni chungu.

Kati ya ndugu wa karibu, tofauti inayogeuza rangi ya mwanga huwa ndogo mno. Lusiferasi ya kimulimuli wa Marekani ni mnyororo wa asidi amino 550, ambazo ni matofali ya protini, na katika kimulimuli wa Japani aitwaye Genji kubadilisha tofali moja tu, la 286, hugeuza mwanga wa manjano-kijani kuwa mwekundu. Mabadiliko ya namna hii yakitokea porini, mazingira huyachuja. Uchunguzi wa mwaka 1980 wa spishi 55 za Amerika Kaskazini ulionyesha kwamba wanaowaka jua linapotua, wakati majani bado yanarudisha mwanga wa kijani, wengi wao hutoa manjano inayojitenga na kijani hicho, na wengi wa wanaongoja giza lishike huwa wa kijani.

Rangi ya mwanga huo ina uzito wa pekee kwa Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Eneo lao, West Nile, liliteswa kwa miongo mingi na malale ya aina ya gambiense, yanayoenezwa na mbung'o wa kandokando ya mito, mpaka mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipothibitisha kwamba Uganda imeyaondoa kama tatizo la afya ya jamii, jambo ambalo si sawa na kusema kwamba kimelea anayeyaleta malale ametoweka. Ili kujua kimelea hujificha wapi, wachunguzi humpandikiza jeni ya lusiferasi, humwingiza katika panya, humpa panya lusiferini na kuutazama mwili unaowaka. Kwa kuwa damu hufyonza mwanga wa kijani na kuuacha mwekundu upite, kazi hiyo sasa hutumia lusiferasi iliyobadilishwa ili iwake nyekundu. Kwa taa hiyo vimelea walionekana wamejaa katika ngozi ya panya, na mwaka 2016 ilitangazwa kwamba baadhi ya vipande vya ngozi ya watu wa Kongo, vilivyohifadhiwa kutoka uchunguzi wa ugonjwa mwingine, navyo vilikuwa na vimelea hao, hali inayomaanisha kwamba mtu anaweza kupimwa damu, akaambiwa yu mzima, na bado mbung'o akamchukua kimelea kwenye ngozi yake.