Soli ya Sega la Nyuki: Namna Inavyobonyea Chini ya Mguu wa Mgonjwa wa Kisukari

Mguu wenye afya hulindwa na maumivu. Aliyekanyaga kokoto hubadili hatua kabla ngozi haijaumia. Mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa yake ya fahamu imeharibika hukosa onyo hilo, naye huendelea kuukanyagia mfupa uleule siku nzima, hadi kidonda kinapofunguka. Kwa sababu hiyo, miongozo ya kimataifa humtaka mgonjwa aliyepona kidonda cha unyayo avae viatu vinavyopunguza shinikizo la juu kabisa kwa angalau asilimia 30, au kulishusha chini ya kilopaskali 200.

Njia mojawapo ni soli ya ndani iliyochapwa kwa printa ya pande tatu, kwa poliyurethani inayonyumbulika, yenye vijumba vya pembe sita mfano wa sega la nyuki. Kazi yote hufanywa na kuta za vijumba hivyo. Mzigo unapoanza kushuka, kuta hukaza; soli huonekana ngumu, na kila nyongeza ya mzigo huzidisha mbonyeo kwa uwiano uleule. Kisha hufika mahali ambapo ukuta hauwezi tena kusimama wima, nao hujikunja kama ufito mwembamba uliosukumwa kutoka juu. Vijumba hulegea kimoja baada ya kingine, huku shinikizo likibaki karibu palepale. Hapa ndipo penye tiba: kichwa cha mfupa huzama, sehemu nyingine za unyayo hupata kuigusa soli, na mzigo hugawanyika.

Nafasi iliyomo ndani ya kijumba, hata hivyo, ina kikomo. Kuta zikishagusana, shinikizo hupanda kwa kasi, na mgonjwa huwa anakanyaga plastiki tupu. Mwenye hisia angevua kiatu, huyu hajui.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni unene wa kuta. Mzigo unaoweza kuukunja ukuta huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene wake: ukuta wa milimita 0.4 ukifanywa wa milimita 0.8, hustahimili takriban mara nane. Fundi anayenenepesha kuta ili soli idumu aweza, kwa nia njema kabisa, kutoa soli isiyobonyea hata kidogo. Anayezipunguza mno hutoa soli inayoshikana tangu hatua ya kwanza. Ndiyo maana mtu wa kilo 50 na wa kilo 100 hawafai kupewa muundo mmoja, hata kama viatu vyao ni saizi moja.

Soli iliyochapwa ina pia matabaka, na udhaifu wake hukaa kwenye maungio ya matabaka hayo. Plastiki ngumu ya kuchapia vielelezo haifai kwa kazi hii. Kuta zake hupasuka badala ya kujikunja na kurudi.

Kwenye kliniki, mgonjwa aje na soli zake. Muuguzi abonyeze kwa kidole gumba mahali panapokaa vichwa vya mifupa, kisha alinganishe na sehemu ya upinde wa mguu, ambayo huchakaa polepole. Vijumba visivyorudi, au vilivyopasuka, vina maana kwamba soli imekwisha. Vijumba vilivyo wazi vikungʼutwe pia, kwa kuwa kijumba kilichojaa mchanga hakina pa kubonyea. Nyumbani, unyayo utazamwe kila jioni: wekundu usiofifia, joto la upande mmoja au malengelenge yatosha kuviacha viatu hivyo na kufika kliniki, hata pasipo maumivu yoyote.