Presha ya Ujauzito Haipimwi Mkononi Tu

Mjamzito akifika kliniki hufungwa mkanda wa presha, kisha mkojo wake huangaliwa kama una protini. Vipimo hivi viwili havibezwi. Lakini presha ikishafika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, swali linalobaki ni madhara yamefika wapi ndani ya mwili, na hilo mkanda haulijibu. Mwenye 150 kwa 100 anaweza kuwa na hali mbaya kuliko mwenye 170 kwa 110. Jibu moja limo kwenye picha kamili ya damu, kipimo ambacho maabara nyingi za hospitali zinacho: idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu anapojeruhiwa.

Chanzo kikubwa ni kondo la nyuma. Mishipa inayolilisha isipotanuka ipasavyo, kondo hutoa protini zinazojeruhi utando wa ndani wa mishipa ya mama. Chembe sahani hukimbilia kuziba michubuko hiyo, mwili mzima kwa wakati mmoja, na hutumika kwa kasi kuliko uboho unavyozizalisha. Kwa kawaida mtu huwa na 150,000 hadi 400,000 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 100,000 kwa mwenye presha ya ujauzito, hali huhesabiwa kuwa kali. Chembe nyekundu nazo zikipasuka na ini likiumia, ni ugonjwa ambao Louis Weinstein wa Marekani aliuita HELLP mwaka 1982. Mama anaweza kuvuja damu kwenye ini au ubongo, au kondo likabanduka kabla ya uchungu. Wagonjwa 10 hadi 20 katika kila 100 wa HELLP hawana presha ya juu. Wanalalamikia maumivu ya chembe ya moyo na kichefuchefu, na ni rahisi kupewa dawa za vidonda vya tumbo wakarudishwa nyumbani.

Wapo watakaosema kipimo hiki kitazua hofu bure, na wana hoja: chembe sahani hupungua kidogo kwa wajawazito 5 hadi 10 katika kila 100 wasio na ugonjwa wowote. Wakati mwingine hata hugandamana ndani ya kichupa cha maabara na mashine ikahesabu pungufu. Lakini hoja hiyo inaangusha kipimo kimoja kilichosomwa peke yake, haiangushi vipimo vinavyofuatana. Aliyekaa kwenye 130,000 tangu miezi ya mwanzo hafanani na aliyetoka 260,000 akafika 130,000 ndani ya siku nne. Mtaalamu wa usingizi naye anaihitaji namba hiyo, kwa kuwa chembe sahani zikiwa chini ya 70,000 sindano ya ganzi ya mgongoni huanza kuogopwa, damu isije ikavujia kwenye uti wa mgongo.

Pingamizi zito zaidi ni la zahanati isiyo na mashine. Kwa mazingira hayo watafiti walitoa mwaka 2014 kikokotoo cha miniPIERS, kinachotumia dalili, presha na mkojo bila kuhitaji damu, na kwa kuamua nani apewe rufaa kinatosha. Ila kaka yake, fullPIERS ya 2011, inayokadiria hatari ya saa 48 zijazo, imezihesabu chembe sahani kati ya vigezo vyake sita. Maana yake mama akishafika hospitali yenye mashine, kumfuatilia kwa mkanda peke yake hakuna kisingizio. Wala namba haitibiwi kama namba: deksamethasoni huipandisha, lakini haijathibitika kwamba inaokoa akina mama. Magnesiamu salfeti huzuia kifafa cha mimba, haizirudishi chembe sahani. Tiba ni kuzaa, na hata hapo chembe sahani huweza kuendelea kushuka kwa siku moja au mbili, ndiyo maana kipimo cha kurudia kinapaswa kutangulia karatasi ya ruhusa, hasa kwa mama ambaye kutoka kwake hadi hospitali ni safari ya nusu siku.