Nondo Mwenye Mataya

Usiku wa wakati wa mvua, taa ikiwashwa katika nyumba yoyote ya Busunzu, wilayani Kibondo, nondo hukusanyika wakaizunguka. Mwanafunzi akimshika mmoja na kumtazama kichwani kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi ataona mrija mwembamba uliojikunja kama mkia wa kinyonga. Vitabu vya shule hueleza kwamba nondo huukunjua mrija huo akafyonza maji matamu ya maua. Maelezo hayo ni sahihi kwa nondo walio wengi, lakini si kwa wote. Wako nondo wasio na mrija hata kidogo. Hao wana mataya, nao hutafuna.

Nondo hao ni wa familia iitwayo Micropterigidae. Ni wadogo mno: akizitandaza mbawa zake, mmoja huwa na upana wa kama sentimeta moja tu, na wengi wao hung'aa kama shaba au dhahabu. Huruka mchana. Katika misitu ya Afrika Kusini wako wale wa jenasi ya Agrionympha, iliyopewa jina na Edward Meyrick mwaka 1921. Wengine ni Sabatinca, wanaoishi katika misitu ya asili yenye unyevu huko Nyuzilandi.

Sabatinca aliyekomaa hula spora za kangaga au chavua, ambazo huzisaga kwa mataya. Lava wake hula mimea midogo ya kijani isiyo na maua wala mizizi ya kweli, iliyo jamaa ya kuvumwani, ambayo hutambaa juu ya mawe na magogo mabichi. Mimea ya namna hiyo huonekana hata kwetu kandokando ya vijito vyenye kivuli. Lava huyo hastahimili ukavu. Miti mikubwa ikifyekwa na jua likapiga hadi chini, mimea hukauka, naye hupoteza chakula na makao kwa wakati mmoja. Kupanda miti mingine mahali hapo hakumrudishi upesi, kwa kuwa unyevu wa msitu wa asili ni kazi ya miaka mingi.

Wataalamu huwaita nondo hawa wa kale, na neno hilo huwapotosha wanafunzi wengi. Sabatinca si babu wa nondo wa Busunzu. Wote wawili ni viumbe wa leo, wenye asili moja ya mbali. Ila Sabatinca amebakiza maumbile ambayo ukoo wa mwenzake uliyaacha. Ana mataya, na mishipa ya mbawa zake za mbele na za nyuma hukaribia kufanana.

Je, mrija ulitokea lini? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ulitokana na kuwepo kwa maua. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba wamepata magamba ya mbawa za nondo katika miamba iliyochimbwa kaskazini mwa Ujerumani, yenye umri wa miaka milioni 200 hivi. Baadhi ya magamba hayo yalikuwa na uwazi ndani. Jambo hilo ni dogo kwa macho lakini ni kubwa kwa maana, kwa sababu magamba ya Micropterigidae hayana uwazi, bali ya nondo wenye mrija na jamaa zao wa karibu yanao. Mabaki ya maua yasiyo na shaka ni ya miaka milioni 130 hivi tu.

Mwalimu aliyezoea kufundisha kwamba maua ndiyo yaliyouleta mrija hana budi kuitazama upya kauli hiyo. Watafiti hao wanapendekeza kwamba nondo wa zamani zile, wakikabiliwa na joto na ukame, waliutumia mrija kunywea matone ya maji, pamoja na utomvu mtamu uliojitokeza kwenye mbegu changa za miti isiyo na maua. Maua yalipotokea, yaliukuta mrija ukiwa tayari.