Si kila ukucha unaouma umeingia nyamani

Siku moja ya likelemba, mwenzetu alikuja na binti yake wa miaka 14, akichechemea. Chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu palikuwa na kivimbe kigumu kilichouinua ukucha. Mara mbili walikuwa wameukata, wakisema umeingia nyamani. Sisi nasi tulishauri maji ya chumvi na dawa ya kuvu. Tulikosea. Binti akashindwa kuvaa viatu vya shule, akaanza kubaki nyumbani.

Picha ya radio ndiyo iliyoonyesha kwamba kile kivimbe ni mfupa.

Mfupa wa ncha ya kidole unaweza kuota kipande juu yake. Si kansa. Huwapata zaidi watoto wakubwa na vijana, hasa kwenye kidole gumba, na pengine hufuata kujigonga. Ukikigusa ni kigumu, na kinauma kiatu kinapobana. Picha ipigwe ya mbele na ya ubavu. Kivimbe kikiwa kichanga pengine hakionekani vizuri. Maumivu yakiendelea, tuombe picha irudiwe.

Dawa ya kunywa au ya kupaka haiondoi mfupa. Dawa yake ni kupasuliwa. Binti alichomwa sindano ya ganzi kwenye kidole, akabaki macho. Munganga aliinua ukucha, akakata kivimbe mpaka kwenye shina, kwa maana shina likibaki kinaweza kuota tena. Kipande kilipelekwa maabara kupimwa. Siku ile ile akarudi nyumbani, akilala mguu ukiwa juu ya mto, na kidonda kikifungwa upya kwa mikono safi. Ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota wote.

Wamama, tusimkate mtoto kwa wembe nyumbani. Wakitaka kumkata ukucha mara ya pili, tuulize kwanza: "Munganga, mfupa ukoje?" Na doa jeusi linalopanuka chini ya ukucha, au kidonda kisichopona, tusingoje hata wiki: hilo linaweza kuwa kansa.

Zamu ya likelemba ya mwezi ule tulimpa mama yake, akalipa upasuaji. Leo binti amevaa viatu, yuko shuleni.