Riba ya akiba yako: ni ngapi inabaki mkononi baada ya kodi?

Msimu wa maembe ukiisha Machakos, pesa huwa imeingia kwa mpigo. Kuanzia Desemba hadi Machi malori yanapakia Masii, Mwala na Yatta, mkulima analipwa kwa simu, halafu kunatulia. Karo nayo haitulii. Muhula wa pili huanza mwishoni mwa Aprili, wa tatu mwishoni mwa Agosti, na pesa inayokaa tu kwenye simu ina mazoea ya kwenda: jirani ana harambee, boda inataka tairi, kuna matanga kijijini.

Kwa hivyo watu hutafuta akaunti ya akiba, na swali la kwanza huwa: nani analipa riba kubwa? Si swali baya, lakini jibu lake linaweza kukupoteza. Ile asilimia iliyoandikwa kwenye bango si pesa utakayopata. Kabla ikufikie, KRA inachukua yake, na benki ikiwa na ada nayo inachukua yake. Swali zuri zaidi ni hili: mwisho wa siku, shilingi ngapi zinaingia mfukoni mwangu?

Tuanze na kodi, kwa sababu ndiyo inaogopesha watu bila sababu. Mkenya akiweka akiba benki na ipate riba, benki inakata asilimia 15 ya riba hiyo na kuipeleka KRA. Kwenye stetimenti utaiona imeandikwa "withholding tax" au kwa kifupi WHT. Inakatwa kwenye riba peke yake, pesa uliyoweka haiguswi. Ukiweka 40,000 na upate riba ya 1,000, kodi ni 150 na wewe unabaki na 850. Zile 40,000 zinabaki 40,000.

Njia rahisi ya kupiga hesabu: chukua asilimia uliyoahidiwa, uizidishe kwa 0.85. Asilimia 10 inakuwa 8.5. Asilimia 6 inakuwa 5.1. Asilimia 3 inakuwa 2.55, na hapo ujiulize kama bei ya unga na mafuta ya taa haipandi haraka kuliko hiyo.

Angalia pia neno "kwa mwaka". Akaunti ikisema asilimia 9 na wewe unafungia pesa miezi mitatu, hutapata 9. Utapata robo yake, yaani asilimia 2.25, halafu kodi ikatwe hapo. Malalamiko mengi ya "nimeibiwa riba" huisha tu mtu akielewa hili.

Sasa tuiweke kwenye maisha. Tuseme una shilingi 60,000 za maembe mwezi Machi. Usizichukulie kama pesa moja. Zina kazi tatu na kila kazi ina tarehe yake.

Shilingi 20,000 ni za muhula wa pili, baada ya mwezi mmoja hivi. Hizo usihangaike nazo sana. Hata kwa asilimia 6 kwa mwaka, mwezi mmoja unazaa shilingi 100, kodi 15, unabaki na 85. Ukilipa ada ya kuhamisha kwenda na ya kuhamisha kurudi, umekula riba yote. Ziweke mahali salama palipo karibu, basi.

Shilingi 24,000 ni za muhula wa tatu. Hapa ndipo akaunti ya kufungia inafaa, kwa sababu tarehe unaijua na pesa hutaihitaji kabla. Mfano, kwa asilimia 9 kwa mwaka, 24,000 zinazaa 180 kila mwezi. Miezi mitano ni 900. Kodi ni 135. Unapata 765 juu ya karo yako. Si utajiri, lakini ni kitabu kimoja au viwili na nauli ya kumpeleka mtoto shuleni. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba umejiwekea kufuli. Mtu akikuja na shida yake unaweza kusema ukweli: hiyo pesa imefungwa mpaka Agosti.

Kabla ya kubonyeza "kubali", soma wanasema nini kuhusu kuvunja akaunti kabla ya muda. Wengine wanakunyima riba yote, wengine wanakulipa sehemu, na wengine wanataka notisi ya siku kadhaa. Kama unafungia pesa ukijua moyoni kwamba Juni utaihitaji, usifungie.

Zile 16,000 zinazobaki ni za dharura. Zinahitaji akaunti unayoweza kutoa wakati wowote, na hapa ndipo bango la riba hudanganya watu. Linganisha akaunti mbili. Ya kwanza inalipa asilimia 7 kwa mwaka lakini ina ada ya shilingi 40 kila mwezi. Ya pili inalipa asilimia 4 na haina ada. Wengi wataruka kwa ya kwanza. Tupige hesabu ya mwaka mzima. Ya kwanza inazaa 1,120. Kodi ya asilimia 15 ni 168, inabaki 952. Toa ada, 40 mara 12, ambayo ni 480. Umebaki na 472. Ya pili inazaa 640, kodi 96, unabaki na 544. Akaunti ya asilimia 4 imeshinda ya asilimia 7.

Kuna jambo limejificha hapo. Kodi imekatwa kwenye riba yote ya 1,120 kabla ada haijatolewa. KRA haikupunguzii kodi kwa sababu benki imekukata ada. Kwa hivyo ada inaumiza mwenye akiba ndogo kuliko kodi inavyomuumiza, na ndiyo unaweza kuikwepa kwa kuchagua vizuri. Kumbuka pia kwamba ada zenyewe za kutuma na kutoa pesa zina ushuru ndani yake. Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha kwa pesa za simu kutoka asilimia 12 hadi 15. Ukihamisha mia mbili mia mbili kila siku kutoka pochi kwenda akiba na kurudi, unalipa kidogo kidogo bila kuona. Uliza kwanza kama kuhamisha kwenda kwenye akaunti hiyo ni bure.

Tukirudi kwa KRA: je, hiyo riba unaitangaza tena ukijaza ritani kabla ya tarehe 30 Juni? Kwa mtu binafsi anayeishi Kenya, aliyepata riba kutoka benki au taasisi ya fedha iliyo na leseni, hiyo asilimia 15 ni kodi ya mwisho. Imeisha hapo. Huongezi riba hiyo kwenye mshahara au faida ya duka ili ikatwe tena. Kwa anayelipa kodi ya mapato ya asilimia 30, hii ni nafuu kubwa. Kwa mama anayeuza ndengu Marikiti, ambaye mapato yake ni madogo hata hayafikii kiwango cha kutozwa kodi ya mapato, ni kinyume: anakatwa 15 ileile na hawezi kuidai irudishwe. Ndivyo sheria ilivyo, na ni vizuri ujue mapema kuliko kupanga foleni ofisini ukitafuta pesa ambazo hazirudi.

Tahadhari mbili. Riba uliyopata kwa kumkopesha rafiki si riba ya benki. Hakuna aliyekukatia kodi, kwa hivyo hiyo ni mapato ya kutangaza. Na chama: kanuni ya kodi ya mwisho inazungumzia mtu binafsi. Akaunti iliyo kwa jina la kikundi ina hesabu yake, kwa hivyo mweka hazina asiwaambie wenzake "tushakatwa, tumemaliza" kabla ya kuuliza.

Kuna akiba isiyokatwa kodi? Ipo. Riba ya hatifungani za miundombinu za Serikali haitozwi kodi. Hatifungani ya aina hiyo inayolipa asilimia 12 ni sawa na akaunti ya benki inayolipa kama 14.1, ukishatoa kodi. Mwaka 2017 Serikali iliwahi kuuza M-Akiba kwa simu, kuanzia shilingi 3,000 tu, kwa riba ya asilimia 10 isiyo na kodi kwa miaka mitatu. Siku hizi hatifungani hununuliwa kupitia DhowCSD ya Benki Kuu, na kiwango cha kuanzia ni makumi ya maelfu ya shilingi. Hatifungani za kawaida za miaka kumi na kuendelea hukatwa asilimia 10. Lakini pesa ya karo ya Agosti haina kazi kwenye hatifungani ya miaka kumi.

Jambo la mwisho kuangalia linafaa kuwa la kwanza: ni nani anashika pesa yako? Oktoba 2015 Imperial Bank iliwekwa chini ya urasimu, na Aprili 2016 ikafuata Chase Bank. Waliokuwa na akiba huko walifunga siku hawajui watapata nini, kwa sababu bima ya amana wakati huo ilikuwa shilingi 100,000 tu kwa mteja. Tangu Julai 2020 shirika la KDIC linalinda hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Akaunti zako zote katika benki moja zinajumlishwa. M-Shwari, kwa mfano, iko chini ya benki ya NCBA, kwa hivyo ukiwa na akaunti nyingine NCBA, zote mbili zinahesabiwa pamoja.

Sacco haiko chini ya KDIC. Zinazopokea amana zinasimamiwa na SASRA, ambayo huchapisha orodha ya zilizo na leseni. Tafuta jina la Sacco yako humo. Gawio la hisa zako za Sacco hukatwa asilimia 5. Ile mifuko ya pamoja inayoitwa MMF inasimamiwa na CMA, riba yake hukatwa 15 kama ya benki, na nayo pia hailindwi na KDIC. Hiyo haimaanishi ni mibaya. Inamaanisha riba ya juu zaidi unayoiona huko imelipia hatari fulani. Anayekuahidi asilimia 20 kwa mwezi na hana leseni ya yeyote kati ya hawa, mwachie maji yake.

Ukishafungua akaunti, hakikisha PIN yako ya KRA imeandikwa sawasawa kwenye kumbukumbu zao. Makato huenda KRA yakiwa na PIN hiyo, na cheti chake hupatikana kwenye iTax. Riba ya kwanza ikiingia, fungua stetimenti utafute mistari miwili: riba yenyewe, na WHT chini yake. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ikija 0.15, mambo yako sawa. Ikija zaidi, au usipoona mstari wa pili kabisa, piga simu kwa wanaoshika akiba yako, uwaulize kama kiasi unachoona ni cha kabla au baada ya kodi. Fanya hivyo mwezi huohuo, usingoje Juni.