Kwa Baisikeli kutoka Mombasa hadi Malindi

Mtu atakaye kusafiri mbali kwa baisikeli mara ya kwanza, kandokando ya bahari, na autazame upepo kabla ya kuitazama ramani. Tangu Juni hadi Septemba huvuma kusi, na mwenye kutoka Mombasa kwenda Malindi husukumwa mgongoni. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, heri aanzie Malindi.

Njia ni kama kilomita 120. Yafaa kuigawa siku mbili na kulala Kilifi, katikati. Achukue pampu, viraka, spana na maji ya kutosha. Aondoke alfajiri, na jua likikaza apumzike kivulini. Kurudi, apakie baisikeli katika gari, maana upepo uliomsaidia kwenda ndio utakaomzuia. Asiye na pupa hufika salama.