Kilichowafanya wasagaji waulize mahindi yametoka wapi

MFANYABIASHARA anayevusha mahindi Busia au Namanga hajaisahau Machi 5, 2021. Siku hiyo Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, maghala yake yajulikane, na shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Wengi waliishia kulaumu forodha. Lakini mlango mgumu zaidi uko mbele, kwenye geti la kiwanda cha unga.

Viwanda vilikuwa vimeshaumia. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi, na miezi michache baadaye nyingine 17 zikasimamishwa. Msagaji anayenunua kwa yeyote aliyefika na lori hawezi kujua ni mzigo wa nani uliomharibia unga. Sumu yenyewe haiishi kwa kupika ugali. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Ndipo unapoingia ule unaoitwa usimamizi wa mnyororo wa ugavi. Jina ni kubwa, kazi yenyewe ni hii: kuwa na orodha ya wauzaji wanaofahamika, kuchoma magunia kwa bambo na kupima sampuli kabla ya kushusha, kisha kuandika kila shehena imetoka kwa nani. Yote hayo ni gharama, na sijaona mwenye kiwanda anayeyapenda. Anayakubali kwa kuogopa kufungiwa, au kwa sababu supamaketi haitapokea unga wake. Msagaji mdogo wa mtaani, asiyebanwa na yeyote kati ya hao, bado anapima ukavu kwa kung'ata punje.

Kwa mchuuzi, hesabu inabadilika. Mahindi ya wakulima 30 yakichanganywa kwenye lori moja, machache yaliyoanikwa kwenye udongo yanaweza kuangusha sampuli nzima, na nauli ya kurudi ni yako. Wanaotenga magunia kwa kijiji, wakanunua yaliyoanikwa kwenye turubai na kushuka chini ya unyevu wa asilimia 13.5, wakikataliwa gunia wanajua la kuondoa. Mengine yanashushwa.